Laptopu haimalizi hata vipindi vitatu: nibadili mipangilio au ninunue betri?

"Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kilwa. Miaka miwili iliyopita nilinunua laptopu ya mtumba ya inchi 14, inatumia Windows 10. Nilipoinunua ilikuwa inakaa na chaji saa nne. Sasa inakaa saa moja na nusu, na mara nyingine inazimika ghafla ikiwa bado inasoma asilimia 25. Umeme huku hukatika jioni, na ndio wakati ninaotunga mitihani na kujaza alama. Nimewasha ile 'Battery saver' lakini sioni tofauti. Kila mtu ana lake: mmoja ananiambia nisiichaji mpaka iishe kabisa, mwingine anasema nitoe betri nitumie umeme moja kwa moja, wa tatu ananiambia niifunge betri kwenye mfuko niilaze kwenye friji. Usiku naiacha kwenye chaji mpaka asubuhi, na intaneti natumia modemu ya kuchomeka. Je, kuna mipangilio ya kubadili ili irudi kama zamani, au ninunue betri nyingine? Fedha si nyingi, sitaki kubahatisha."

Mwalimu, pole kwa kazi, na asante kwa kuandika kwa kina. Umenitajia mambo matatu ambayo wengi huyasahau: zamani ilikaa saa ngapi, sasa inakaa saa ngapi, na inazimika ikiwa asilimia ngapi. Kwa hayo naweza kukujibu bila kupiga ramli.

Nianze na jibu lenyewe. Mipangilio itakusaidia, na ukiibadili yote ninayokuandikia hapa huenda ukapata karibu saa nzima zaidi. Lakini haitairudisha betri ilipokuwa. Nionavyo mimi, una matatizo mawili yaliyopandana, na dawa ya moja haitibu lingine.

Taa ya chemli unaijua. Ina tangi la mafuta chini, na pembeni ina kigurudumu cha kupandisha na kushusha utambi. Mipangilio ya laptopu ni hicho kigurudumu. Ukishusha utambi, mafuta yaleyale yanakesha. Ila tangi likishapondeka, likawa linaingia nusu ya mafuta ya zamani, hakuna kushusha utambi kutakakolinyoosha. Wewe umeshusha utambi kidogo kwenye tangi ambalo nadhani limepondeka, ndiyo maana huoni tofauti.

Nimesema nadhani. Tuhakikishe kwanza, kwa sababu watu wengi huniletea mashine wakiwa tayari wameshanunua betri mpya, kumbe ya zamani ilikuwa nzima na tatizo lilikuwa kwingine.

Kwenye sehemu ya kutafutia karibu na kitufe cha Start, andika cmd kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Usiogope, haliharibu kitu. Andika powercfg /batteryreport, Enter tena. Kompyuta itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti: ni faili liitwalo battery-report.html, kwa kawaida kwenye folda yenye jina lako la mtumiaji. Lifungue kwa kivinjari, hata bila intaneti linafunguka.

Shuka mpaka palipoandikwa "Installed batteries". Kuna mistari miwili ninayoitaka. "Design capacity" ni uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani. "Full charge capacity" ni uwezo inaoubeba leo ikijaa. Zote zimeandikwa kwa miliwati-saa, kwa hiyo gawanya kwa 1,000 upate wati-saa.

Tuseme ya kwanza inasoma 48,000 na ya pili 24,000. Betri ilizaliwa na wati-saa 48, leo inabeba 24. Sasa gawanya wati-saa kwa muda iliokaa, upate wati ambazo mashine inakula. Zamani 48 kwa saa nne: wati 12. Leo 24 kwa saa moja na nusu: wati 16. Hesabu hii ifanye siku ambayo laptopu haikuzimika ghafla, maana ikizima kwenye 25 ujue robo nzima ya mafuta hukuigusa. Katika mfano huu tangi limebaki nusu, na juu ya hapo utambi umepanda. Lingekuwa tangi peke yake, ungepata saa mbili. Hiyo nusu saa inayopelea imeliwa na kitu kingine, na hiyo tunaweza kuirudisha bure.

Ukikuta uwezo wa leo haujashuka chini ya asilimia 80 ya ule wa kiwandani, usinunue betri. Pambana na mipangilio. Ukiwa kati ya 50 na 80, badili mipangilio huku ukianza kuweka akiba. Chini ya nusu, betri imechoka, na kila utakachofanya kwenye mipangilio ni kuvuta siku. Mipaka hii ni yangu, ya mezani kwangu, lakini mara nyingi imewafaa watu.

Kwenye ripoti hiyohiyo utaona "Cycle count", idadi ya mizunguko. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, haihesabiwi kwa mara ulizochomeka chaja: ukitumia nusu leo na nusu kesho, umemaliza mmoja. Betri nyingi za laptopu za kawaida hutengenezwa zihimili mizunguko 300 hadi 500 kabla hazijaanza kulegea sana. Laptopu ya mtumba inakuja na mizunguko ya mwenye nayo wa kwanza, iwe ilitoka ofisini Uingereza au ilipitia Dubai. Muuzaji anakufutia kioo kinang'aa, lakini mizunguko haifutiki kwa kitambaa. Mashine nyingine haziandiki namba hiyo. Ukikuta kistari tu, usihangaike nayo.

Na kuzimika kwenye asilimia 25 kunatoka wapi? Ndani ya betri yako kuna seli kadhaa, mara nyingi tatu, zimeunganishwa kwa kufuatana kama watoto walioshikana mikono. Ile asilimia unayoiona kwenye kona ni makisio tu: kuna kisaketi kidogo kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka, halafu kinakisia kilichobaki. Seli moja ikidhoofika kuliko wenzake, volti zake hushuka mapema ghafla, na saketi hukata umeme wote ili kuilinda. Nyingine mbili zina kitu bado, lakini dhaifu ndiye anayeamua safari iishie wapi. Mara chache tatizo ni makisio yenyewe kupotea njia. Ili kujua, ijaze mpaka 100, iache saa moja au mbili kwenye chaja, kisha ichomoe uitumie mfululizo mpaka ijizime yenyewe, halafu ijaze tena moja kwa moja. Ikiwa baada ya hapo bado inazima kwenye 25, ni seli. Zoezi hilo lifanye mara moja tu kwa ajili ya kipimo. Usiligeuze kuwa desturi.

Hapo ndipo namjia yule aliyekuambia usichaji mpaka iishe kabisa. Hakukudanganya kwa makusudi, ameshika ushauri wa betri za zamani. Betri za nikeli na kadimiamu zilikuwa na tabia ya kupungukiwa uwezo zikichajiwa kabla hazijaisha, na mafundi wa wakati ule walifundisha watu kuzimaliza. Sony ilianza kuuza betri za ioni za lithiamu mwaka 1991, na leo ndizo zilizomo kwenye laptopu na simu zetu. Hizi ni kinyume. Kuimaliza mpaka sifuri kila mara kunaichosha, na ukiiacha na sifuri wiki mbili za likizo kabatini, inaweza kushuka mpaka isikubali tena kuchajiwa. Ichaji wakati wowote upatao umeme, hata ikiwa na 60.

Wa friji naomba usimsikilize kabisa. Najua wazo lake lilikotoka: baridi hupunguza kasi ya betri kuzeeka ikiwa imehifadhiwa tu. Lakini ukiitoa kwenye friji na kuingia hewa ya Kilwa, unyevu unaganda juu yake na ndani ya saketi yake kama unavyoganda kwenye chupa ya maji baridi. Na uwezo uliokwisha kupotea, baridi haiurudishi.

Kutoa betri na kutumia umeme moja kwa moja kungekuwa na maana kidogo kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki. Kwako wewe, siku umeme ukienda katikati ya alama za kidato cha nne, kazi imepotea, na diski inaweza kuumia kwa kuzimwa katikati ya kuandika. Betri iliyochoka ikikupa hata dakika ishirini za kuhifadhi kazi, bado ina thamani.

Sasa nikueleze kwa nini inazeeka, kwa sababu ukilielewa hili huhitaji kukariri kanuni za watu. Ndani ya seli kuna pande mbili. Chembe za lithiamu husafiri kwenda upande wa grafiti unapochaji, na kurudi unapotumia. Juu ya ile grafiti hujijenga utando mwembamba, mfano wa ule unaotanda juu ya maziwa yaliyochemka. Utando huo unahitajika, bila wenyewe betri isingefanya kazi, ila kila unaponenepa unanasa lithiamu kidogo ambayo hairudi tena safarini. Tangi linapondeka hivyo, polepole. Mambo mawili hunenepesha utando haraka kuliko mengine yote: joto, na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni. Seli iliyojaa ina kama volti 4.2, na hapo iko chini ya shinikizo kubwa. Yakikutana yote mawili, betri iliyojaa na joto, inazeeka mbiombio.

Ndiyo maana swali la kuiacha kwenye chaji usiku halina jibu la ndiyo au hapana. Wanaosema itazidiwa na umeme ilipuke wamekosea. Saketi yenye afya hukata chaji ikijaa. Lakini ikishajaa saa sita usiku inakaa na 100 mpaka alfajiri, kila siku, kwenye joto la pwani, na pengine juu ya godoro. Umeme haukuiua. Imezeeka kwa kukaa imejaa. Kama umeme kwako huwepo mchana, ichomeke mchana hivi kwamba ijae karibu na machweo, halafu uanze kuitumia ikiwa imejaa upya.

Sasa tushushe utambi. Nitakupa mipangilio kwa uzito wake, mizito kwanza, na midogo nitaiacha.

Kioo ndicho mlaji mkubwa wakati unaandika tu. Taa yake ya nyuma ikiwa kileleni, kuishusha mpaka nusu huokoa kama wati mbili kwenye mashine ya ukubwa wako. Kati ya wati 16, mbili si haba. Jioni chumba kikiwa giza unaweza kufanya kazi na asilimia 30 na macho yakashukuru. Watu huniuliza kuhusu kugeuza kioo kiwe cheusi. Kwenye laptopu nyingi haisaidii, kwa sababu taa ya nyuma inaendelea kuwaka vilevile, iwe ukurasa ni mweupe au mweusi. Inasaidia kwenye vioo vya OLED tu, ambavyo kila nukta hujiwakia yenyewe bila taa ya nyuma, na laptopu za mtumba zenye vioo hivyo ni nadra.

Cha pili ni kichakato (prosesa), yaani ubongo wa kompyuta. Bonyeza alama ya betri kwenye kona ya chini kulia. Utaona kitelezi chenye hatua kadhaa. Wengi hukikuta kimesukumwa kulia kabisa, "Best performance", kwa sababu fundi aliyewapa mashine alitaka ionekane ina kasi. Kivute kushoto kwenye "Better battery". Halafu kuna mpangilio mmoja uliojificha ambao naupenda sana. Ingia Control Panel, "Power Options", "Change plan settings", kisha "Change advanced power settings". Tafuta "Processor power management", ndani yake "Maximum processor state", na kwenye mstari wa "On battery" andika 99 badala ya 100. Asilimia moja inaonekana kichekesho, lakini kwenye mashine nyingi inazuia kichakato kuruka juu ya kasi yake ya kawaida, na ni wakati wa kuruka ndipo kinapokula umeme bila huruma na feni kupiga kelele. Kwa kuandika mtihani hutaona uzito wowote. Mashine nyingine zinaficha mstari huo. Usipouona, kitelezi kinatosha.

"Battery saver" uliyoiwasha si ya bure kabisa. Inafifisha kioo kidogo na kuzuia programu kujisasisha nyuma ya pazia. Isipokuwa kwa kawaida hujiwasha chaji ikishuka chini ya asilimia 20, na yako inazima kwenye 25. Haijapata hata nafasi ya kufanya kazi! Ingia Settings, System, Battery, upandishe kiwango hicho mpaka 80, ili ianze mapema umeme ukikatika. Hapohapo kuna orodha ya programu na kiasi cha chaji ambacho kila moja imekula. Iangalie. Mara nyingi kivinjari ndicho kinaongoza, na kurasa kumi na tano zilizofunguliwa tangu Jumatatu.

Video ni habari ya peke yake. Laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2016 hazina sehemu maalumu ya kufungua aina mpya za video za mtandaoni, kwa hiyo kichakato hufanya kazi hiyo kwa nguvu zake zote. Ndiyo sababu mtu anatazama somo la dakika kumi YouTube na feni inavuma kama inataka kupaa. Ukilazimika kutazama ukiwa kwenye betri, shusha ubora mpaka 360 au 480. Hata bando litakushukuru.

Modemu yako ya kuchomeka nayo inakula. Tundu la kawaida la USB linaruhusiwa kutoa hadi miliampea 500 kwa volti 5, ambayo ni wati 2.5, na modemu ikiwa sehemu yenye mtandao hafifu inahangaika kutafuta mnara kwa nguvu kubwa zaidi. Ichomoe unapotunga mitihani, huhitaji intaneti hapo. Ukiihitaji, washa intaneti kwenye simu na uiunganishe laptopu kwa Wi-Fi. Mzigo mkubwa unahamia kwenye betri ya simu, ambayo ni rahisi kuichaji. Flashi iliyosahaulika pembeni ichomoe pia.

Halafu kuna namna unavyoifunga. Ukifunika laptopu ikalala, kazi yako inabaki kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote, na mashine nyingine huamka zenyewe ndani ya begi. Nimepokea laptopu ya mteja iliyotoka begini ikiwa moto kiasi kwamba nililazimika kuishika kwa kitambaa, naye akiapa alikuwa ameizima. Alikuwa ameifunika tu. Chagua "Hibernate": kazi yote inaandikwa kwenye diski, mashine inazimika kabisa, na ukiiwasha unakuta kila dirisha mahali pake. Control Panel, "Power Options", "Choose what closing the lid does", na kwenye safu ya betri weka "Hibernate". Usipoiona kwenye orodha, fungua lile dirisha jeusi kwa kuchagua "Run as administrator", uandike powercfg /hibernate on.

Bluetooth, taa za vitufe, picha ya nyuma ya kioo: usipoteze jioni yako huko, vinaokoa punje. Na programu za kupakua zinazoahidi kutibu betri usiziweke. Programu haiwezi kuyeyusha utando uliojijenga kwenye grafiti, na nyingi zinafanya kazi usiku na mchana zikila chaji ileile zinayodai kuiokoa.

Kuna jambo moja ambalo si mpangilio, ila nimeona likiongeza muda kuliko mipangilio mitatu pamoja: vumbi. Laptopu ya mtumba ya miaka kadhaa ukiifungua, kati ya feni na zile fito nyembamba za shaba unakuta vumbi limeshikamana likawa kama kipande cha blanketi, unalibandua zima kwa kibano. Hewa haipiti. Kichakato kinachemka, feni inazunguka bila kupumzika, na betri iliyo sentimita chache pembeni inaokwa polepole. Kama yako haijawahi kusafishwa tangu uinunue, hilo peke yake linaweza kueleza sehemu ya zile wati nne zilizoongezeka. Na tafadhali usiiweke kitandani wala juu ya kitambaa kizito. Matundu ya chini ndiyo pua zake.

Ukifanya yote haya, mashine ya aina yako kwa kuandika na kujaza alama inaweza kushuka mpaka wati 10. Kwa betri ya wati-saa 24, hiyo ni saa mbili na dakika 24. Kwa betri mpya ya 48, ni saa nne na dakika 48. Unaona kwamba mipangilio inakufaa sasa, na itakufaa zaidi siku utakayonunua betri. Anza nayo.

Hukutaja aina ya laptopu, lakini karibu kila kampuni sasa ina njia ya kuiambia mashine isijaze zaidi ya asilimia 80 au hata 60. Lenovo wameiweka kwenye programu yao ya Vantage, ASUS kwenye MyASUS, na laptopu nyingi za ofisi za Dell na HP wanaiweka kwenye BIOS, yaani ile mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Ni mpangilio mzuri sana kwa betri mpya. Kwa betri yako ya sasa sikushauri. Imebakiwa na kidogo, na kuipunguzia tena moja ya tano wakati umeme unakatika kila jioni ni kuilinda isiyo na muda wa kulindwa. Itumie yote uliyonayo. Mpya ikija, iwekee 80 wakati wa likizo na siku ambazo umeme umetulia, uitoe wakati wa mitihani.

Kuhusu kununua, angalia namba ya aina iliyoandikwa kwenye betri yenyewe, usitegemee jina la laptopu peke yake. Laptopu ya jina moja inaweza kuwa na betri mbili au tatu tofauti. Linganisha volti na wati-saa. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aifunge, uendeshe ile ripoti hapohapo: uwezo wa leo uwe karibu sawa na wa kiwandani. Ripoti nayo inaweza kudanganywa na kisaketi cha bandia, kwa hiyo kubalianeni akupe siku chache za kuijaribu kwa kazi halisi, na kubaliano hilo liandikwe kwenye risiti. Betri iliyokaa dukani miaka mitatu kwenye kabati la vioo linalopigwa na jua si mpya, hata kama nailoni haijafunguliwa. Na ile hadithi ya kuichaji betri mpya saa nane kabla ya kuitumia isahau.

Kama fedha haitoshi mwezi huu, kuna njia ya kati. Laptopu inayopokea chaji kwa tundu la USB-C inaweza kuchajiwa na pawabenki yenye uwezo wa kutoa wati 45 au zaidi. Zile ndogo za simu hazitaiwasha. Wenye sola ya betri ya volti 12 nyumbani, chaja ya gari inayolingana na laptopu inapoteza umeme kidogo kuliko kupitia inveta. Chaja yako ya kawaida inaandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme hafifu wa jioni hauiumizi betri. Kinachoua chaja ni ule mshtuko umeme unaporudi. Ukikatika, chomoa, na ukirudi subiri dakika chache.

Mwisho, kuna dalili ambazo zikitokea hazingoji mipangilio wala akiba. Iweke laptopu juu ya meza tambarare uitazame kwa upande. Kama haikai sawa, kama sehemu ya kugusa kidole imeinuka au haibonyei, kama pembe ya kasha imeachia, betri imevimba. Huvimba kama andazi, kwa gesi inayojikusanya ndani. Vivyo hivyo ukisikia harufu tamu ya kemikali, au ikipata joto wakati imezimwa na haiko kwenye chaja. Izime, chomoa chaja, usiikandamize kuirudisha mahali pake, usiitoboe, na usiichaji hata mara moja ya mwisho ya kuokoa mafaili; mafaili yako yamo kwenye diski na yatatolewa salama betri ikiwa nje. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, ikiwa mbali na vitu vinavyoshika moto. Betri iliyotolewa isitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa. Mwachie fundi anayezikusanya.

Ukishaendesha ile ripoti, niandikie zile namba mbili pamoja na aina ya laptopu, nikuambie kama betri hiyo inaweza kukufikisha mitihani ya mwisho wa muhula.